Mtoto Anapotaka Kujifunza Piano



Tangu watoto wa mtaa wetu walipoanza kufundishwa kinanda kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, wazazi wametujia mmoja mmoja na swali lile lile: "Mwalimu, mtoto anataka cha kwake nyumbani. Tununue kipi?" Wengine wamekwisha kuona piano ya zamani inauzwa mahali fulani. Wengine wameahidiwa ya bure. Wengine wana fedha mkononi na wanangoja tu kutajiwa duka. Tumeona afadhali jibu tuliandike mara moja, maana swali hili si dogo kama linavyosikika, na sisi wenyewe tulilijibu vibaya mara ya kwanza.

Ilikuwa mwaka 1996. Tulikuwa tukifundisha Tanga, na binti yetu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ameanza kujifunza kwa mama mmoja aliyekuwa akipiga kinanda kanisani. Familia moja ya wageni ilikuwa ikirudi kwao, ikauza vitu vyake, na kati ya vitu hivyo ilikuwamo piano ya kusimama, ya mbao nyekundu, yenye vinara viwili vya shaba vya kuwekea mishumaa. Jinsi ilivyong'aa! Hatukuifungua. Tulibonyeza vibao vitatu au vinne vya katikati, tukasikia mlio, tukatazamana, tukakubali. Tulilipa shilingi laki mbili na nusu, fedha iliyozidi mshahara wetu wa miezi minne, na vijana wanane wakaibeba mpaka kwenye lori.

Mtoto alifanya mazoezi kila siku. Baada ya miezi michache mwalimu wake akaanza kulalamika. Alisema mtoto ni mzembe: katika kila wimbo anaruka noti, tena noti zile zile. Alisema pia kwamba sikio lake lina kasoro, maana akiombwa kuanzisha wimbo bila kinanda, daima anaanza chini ya sauti inayotakiwa. Sisi tulio walimu tulimwamini mwalimu mwenzetu. Tulimwambia mtoto aongeze bidii. Wakati wa masika tulifika hata kumkataza kwenda kucheza na wenzake mpaka amalize saa nzima kwenye piano.

Mwaka uliofuata fundi mmoja alikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam kurekebisha piano ya shule, nasi tukamwomba apitie nyumbani. Alifungua ubao wa mbele, akamulika kwa tochi, akanyamaza. Kisha akatuita tuone. Mchwa walikuwa wamekula mbao za chini. Nondo walikuwa wameitoboa sufu ya nyundo. Vibao vitano havikutoa sauti yo yote. Piano nzima ilikuwa imeshuka karibu nusu sauti, wala isingeweza kupandishwa, maana ubao unaoshika misumari ya nyuzi ulikuwa umepasuka. Tukamwita mtoto, tukamwomba apige wimbo mmoja anaoujua. Ndipo tulipoona. Kila alipofika kwenye kibao kilichokufa, kidole chake kilipita juu yake bila kukigusa. Kumbe hakuwa mzembe. Alikuwa amejifunza kwa uaminifu kile ambacho piano yetu ilimfundisha. Na lile sikio lake lenye kasoro lilikuwa zuri kuliko letu: lilikuwa limeishika sauti ya piano ya nyumbani barabara, nusu sauti chini, na sisi tuliokaa nayo sebuleni mwaka mzima hatukuwa tumesikia neno.

Tulimwomba msamaha. Lakini alikuwa amekwisha kuchoka, na akaacha. Basi, ndugu msomaji, utatuvumilia tukikaza sana mahali fulani katika somo hili.

NDANI YA SANDUKU

Neno kinanda tumezoea kulitumia kwa kila chombo chenye vibao: kile cha mivukuto kinachokanyagwa kwa miguu, kile cha umeme, na piano pia. Kwa kuimba hakuna ubaya. Kwa kununua, tofauti ni kubwa, na mzazi hana budi kujua ananunua nini.

Piano ni chombo kinachopiga nyuzi kwa nyundo. Aliyeibuni ni Bartolomeo Cristofori, fundi wa mji wa Florence katika Italia, karibu na mwaka 1700. Piano moja aliyoiunda mwaka 1720 ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Kabla yake, vinanda vikubwa vya nyumba za wakuu vilidonoa nyuzi, navyo vililia kwa nguvu ile ile hata ubonyeze vipi. Cristofori alitaka chombo kitakachomtii mpigaji, akibonyeza kwa upole kilie kwa upole, akibonyeza kwa nguvu kilie kwa nguvu. Jina lenyewe latokana na maneno mawili ya Kitaliano yenye maana ya sauti ndogo na sauti kubwa.

Piano ya kawaida ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Nyuma yake zimo nyuzi za chuma zipatazo 230, kwa sababu noti za besi zina uzi mmoja mmoja au nyuzi mbili, na nyingi za katikati na za juu zina nyuzi tatu tatu. Mvuto wa nyuzi hizo zote ukijumlishwa hufika tani 15 hadi 20. Ndiyo sababu ndani mna fremu ya chuma cha kusubu, na ndiyo sababu piano ya kusimama yaweza kuwa na uzito wa kilo 200 hadi 300. Kila uzi umezungushwa kwenye msumari, na msumari umekazwa katika ubao mgumu wa matabaka. Ubao huo ukipasuka, msumari hauwezi tena kuuzuia uzi. Fundi atakaza asubuhi, na kabla ya wiki kwisha uzi utakuwa umeshuka.

Sasa mtoto anayejifunza ana kazi mbili kwa pamoja. Masikio yake yanajifunza sauti, na vidole vyake vinajifunza uzito. Kibao cha piano iliyo nzima hushuka kama sentimita moja, nacho huhitaji uzito wa gramu zipatazo 50 ili kishuke polepole. Si kingi, lakini kidole cha mtoto hukisikia. Chombo kikiwa na kasoro katika moja la mambo hayo mawili, kitamfundisha mtoto kasoro hiyo kila siku, kwa subira inayoshinda ya mwalimu ye yote.

PIANO YA ZAMANI

Tuanze na ile inayovutia zaidi, maana ndiyo inayodanganya zaidi.

Usiinunue kwa macho. Nenda mchana, nenda na tochi, na ikiwezekana nenda na mtu anayepiga. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kufungua kifuniko cha juu na ubao wa chini, ule ulio karibu na pedali. Mtu muungwana hatakataa. Akikataa, mshukuru kwa chai, urudi nyumbani.

Bonyeza vibao vyote 88, kimoja kimoja, kuanzia besi mpaka juu, bila kuruka hata kimoja. Ni kazi ya dakika kumi tu. Dakika hizo kumi sisi hatukuzitumia. Kila kibao kishuke, kilie, na kirudi chenyewe mahali pake. Ukimaliza, vibonyeze tena polepole sana, kisha tena kwa nguvu kidogo. Visivyolia, vinavyokwama, au vinavyolia zaidi ya mara moja kwa pigo moja, viandike kwenye karatasi. Vichache fundi ataviponya. Vikiwa kumi na zaidi, shida haiko kwenye vibao tena.

Kisha sikiliza sauti. Noti yenye nyuzi tatu ikilia kwa kuyumba-yumba, nyuzi hazilingani, na hilo peke yake si ugonjwa mkubwa, kwani kila piano huhitaji kurekebishwa sauti, na inayopigwa kila siku yafaa irekebishwe mara mbili kwa mwaka. Jambo la kuogopa ni piano iliyoshuka yote kwa pamoja. Kipimo cha leo ni kwamba noti ya A iliyo juu ya C ya katikati itetemeke mara 440 kwa sekunde. Zamani tulihitaji uma wa sauti ili kulijua hilo. Siku hizi zipo programu za simu zinazopima, nawe waweza kumwomba kijana ye yote wa kwaya akupimie. Zikionyesha karibu na 415, piano imeshuka nusu sauti nzima. Kuipandisha ni kuzirudishia nyuzi kongwe mzigo ambao zimeukwepa miaka mingi, na baadhi yake zitakatika.

Mulika misumari ya nyuzi. Kutu kidogo si neno kwetu pwani. Lakini ukikuta vipande vya karatasi ngumu au vya msasa vimeshindiliwa kando ya misumari, ujue fundi fulani alikwisha kuhangaika na ubao uliochoka. Tazama pia fremu: katika piano za zamani sana chuma hakifiki juu, na mahali pa misumari ni mbao tupu. Hizo ziache. Ziache vilevile zile ambazo vizuizi vya sauti vimewekwa juu ya nyundo, nyuma ya safu ya waya zinazofanana na kizimba cha ndege. Nyingi zake ni nzee, mafundi hawazipendi, na sauti huendelea kuvuma baada ya kidole kuondoka, hata mtoto asijue noti yake imeishia wapi.

Halafu wadudu. Gonga mbao za chini kwa kifundo cha kidole usikie kama ziko wazi ndani, na tafuta udongo wa mchwa katika pembe za nyuma. Katika sufu ya nyundo na vitambaa vilivyo chini ya vibao tafuta unga mweupe na matundu ya nondo. Vitambaa hivyo vyaweza kubadilishwa, lakini uliza gharama kabla hujalipa, si baada yake.

Piano nyingine zililetwa huku zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za joto. Gundi ya zamani ilichemshwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulegea kwenye unyevu. Kwa hiyo waundaji waliozijua hali zetu waliongeza skrubu mahali ambapo katika nchi za baridi gundi peke yake ilitosha. Ukiziona skrubu za namna hiyo ndani, ni dalili njema. Na kila piano ina namba yake, aghalabu imepigwa chapa kwenye fremu au kwenye ubao wa juu. Inakili. Ikiunganishwa na jina la kiwanda, fundi mara nyingi ataweza kukuambia mwaka ilipozaliwa.

Hapa tuseme neno juu ya vibao vyeupe. Katika piano nyingi za zamani vibao hivyo vimefunikwa kwa pembe za ndovu. Utaitambua pembe kwa michirizi yake myembamba, na mara nyingi kwa mstari wa kiungo unaokikata kibao pale kinapoanza kupungua upana. Wauzaji huitaja kama sifa ya kuongeza bei. Kwa mtoto si sifa, plastiki inamtosha. Na sisi wa pwani hii tuna sababu ya kuitazama pembe hiyo kwa jicho jingine. Katika karne ya 19 pembe zilitoka bara, kupitia Ujiji na Tabora, zikiwa mabegani mwa wapagazi mpaka Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na nyingi zikapakiwa melini hadi Marekani, ambako miji midogo ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut iliishi kwa kazi ya kuzikata ziwe vibao vya piano. Wapagazi wengi walilipwa ujira. Wengine walikuwa watumwa. Biashara hizo mbili zilikwenda katika njia moja, na wengi wetu tumekwisha kusimama pale Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo leo ni Kanisa Kuu. Hatusemi kwamba piano ya namna hiyo isipigwe. Imekwisha kuundwa, na ndovu hatarudi. Twasema tu kwamba usilipe zaidi kwa ajili ya pembe. Tena, tangu mwaka 1990 biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi imezuiwa na mkataba wa mataifa, kwa hiyo anayetaka kuvusha piano ya namna hiyo mpakani ajue atahitaji vibali.

Na ile ya bure? Mpe mwenye nayo asante nyingi, kisha mlete fundi kabla ya kuleta lori. Jumlisha kuibeba, kuirekebisha mara mbili au tatu ya kwanza, na kubadilisha vilivyooza. Mara nyingi jumla hiyo hufika bei ya chombo kipya.

PIANO YA UMEME

Wapo watakaodhani kwamba walimu wazee kama sisi lazima tutapendelea piano ya nyuzi. Kwa mtoto anayeanza, hapa pwani, hatupendelei. Hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima, mafundi wa kurekebisha sauti ni wa kuhesabika, na nauli yao ni juu yako. Piano nzuri ya nyuzi ina sauti ambayo hakuna spika inayoifikia, nasi tukiisikia bado roho yatulia. Lakini piano mbovu ya nyuzi ni mbaya kuliko piano ya wastani ya umeme, na kwa fedha walizo nazo wazazi wengi, chaguo lenyewe ni hilo.

Katika piano ya umeme hamna nyuzi. Mna sauti za piano halisi zilizorekodiwa, nazo hutolewa kadiri kidole kinavyobonyeza. Haishuki sauti kwa masika wala kwa kiangazi. Watu wawili huibeba, hata mmoja: Yamaha P-45, kwa mfano, iliyotoka mwaka 2015, ina vibao 88 na uzito wa kilo 11 na nusu tu. Wapo waundaji wengine wazuri, kama Roland, Kawai na Casio. Jina kwenye sanduku lisikutoshe, kwa kuwa kampuni ile ile iundayo piano ya umeme huuza pia vinanda vidogo vya kuchezea.

Muulize muuzaji mambo machache, na majibu yake uyajaribu kwa kidole chako mwenyewe. Vibao ni 88? Ni vya uzito, yaani ndani mna nyundo ndogo zinazokipa kidole kazi, au ni vya springi tu? Bonyeza kibao cha mwisho kushoto na cha mwisho kulia. Katika nyingi zilizo nzuri kile cha kushoto huwa kizito kidogo, kama ilivyo katika piano ya nyuzi. Bonyeza noti moja mara kumi, kuanzia kwa upole hadi kwa nguvu. Ukisikia sauti kumi tofauti, au hata sita, vema. Ukisikia mbili, weka chini. Pana mahali pa kuchomeka pedali? Pana mahali pa spika za masikioni? Chombo chaweza kushika noti ngapi kwa wakati mmoja? Zikiwa 64 au zaidi, mtoto hataufikia ukomo huo kwa miaka kadhaa.

Kama ni ya mtumba, na nyingi ziingiazo nchini ni za mtumba, fanya ile kazi ya vibao 88 kama tulivyokwisha kusema. Sikiliza kibao kinachogonga kama meza. Ndani pedi yake imekwisha. Kisha isome adapta. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120, na wetu ni 230. Ikiwa adapta imeandikwa 100 hadi 240, ni salama. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, ukiichomeka ukutani utasikia harufu, na somo la kwanza litakuwa limekwisha.

Haki yake tuitoe pia: piano ya umeme haizeeki vizuri. Ikifa baada ya miaka kumi au kumi na tano, vipuri hupatikana kwa shida, wakati piano ya nyuzi iliyotunzwa yaweza kuwapokea hata wajukuu. Chumvi ya bahari hula miguso ya ndani, na vumbi huharibu. Ifunike kwa kitambaa kila jioni, na umeme ukikatika ichomoe, maana unaporudi ndipo huunguza.

Bei ya mpya yenye vibao 88 vya uzito kwa kawaida hupita shilingi milioni moja, na wengi wetu hatuna fedha hiyo. Je, kile kidogo cha vibao 61 kinafaa? Kwa mwaka wa kwanza chafaa, kwa masharti mawili. Kiwe chenye kutofautisha kidole kizito na chepesi, kwa kuwa vingine hulia sauti moja tu hata ukipiga ngumi. Na vibao vyake viwe vya upana kamili: chukua rula, pima kutoka ukingo wa kushoto wa C moja hadi ukingo wa kushoto wa C inayofuata. Upate sentimita 16 na nusu, au pungufu kwa milimita moja tu. Ukipata 14, hicho ni cha kuchezea, na mkono wa mtoto utapaswa kujifunza upya atakapokuja kwenye kinanda cha kanisa.

Vinanda hivi vidogo vina mtego mmoja, na vijana wetu wanajua tunasema nini. Kuna kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mpigaji hujifunza kupiga katika C peke yake, na kwaya ikitaka juu au chini, anabonyeza kitufe, anaendelea na C yake ile ile. Tumewaona wapigaji hodari wa miaka mingi ambao, wakikalishwa mbele ya piano isiyo na kitufe, hawawezi kupiga hata wimbo mmoja katika E-flati. Mfunike mtoto kitufe hicho kwa plasta tangu siku ya kwanza. Cha midundo nacho tungekifunika, lakini hapo tunajua tutagombana na watu.

Wale wanaowaza mitihani ya Associated Board of the Royal Schools of Music ya London, ambayo ina madaraja manane, wajue kwamba vibao 61 havitamfikisha mtoto mbali. Muziki wenyewe utatoka nje ya kinanda.

Lakini msikope kwenye kikoba kwa ajili ya mtoto aliyeanza juzi. Kinanda cha kanisa kipo. Mtoto akija kwa zamu siku tatu kwa wiki kwa miezi sita, bila kusukumwa, hapo ndipo mzazi aanze kuweka akiba. Tena miezi hiyo sita ni nafasi ya kumtafuta mwalimu, kwani chombo bila mwalimu ni fanicha.

MAHALI PA KUIWEKA

Piano ya nyuzi isikae chini ya dirisha, wala ukutani mwa jiko, wala mahali jua linapoipiga. Iache na nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite, na miguu yake iwekwe juu ya vigae au vipande vya mbao ngumu, uweze kuwaona mchwa wakipanda. Karafuu maiti ndani ya vifuko vidogo huwafukuza nondo. Wazee wetu walikuwa wakiacha taa ndogo ya umeme ikiwaka ndani, chini karibu na pedali, ili kukausha hewa. Ilisaidia, lakini taa za leo hazitoi joto, na za zamani zilikuwa hatari ya moto. Ipo fimbo ya umeme ya joto dogo iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo, muulize fundi.

Piano ya umeme iwekwe juu ya stendi au meza imara, si kitandani wala magotini. Kiti kiwe cha kimo ambacho viwiko vya mtoto vinalingana na vibao. Miguu isiyofika sakafuni iwekewe kibao au matofali mawili, kwa kuwa mtoto anayening'inia hujikaza mabega ili asianguke.

Isiwekwe chumba kimoja na televisheni. Wala asifungiwe nayo chumbani peke yake, maana ataona ameadhibiwa. Hilo twalisema kwa uchungu. Pazuri ni mahali ambapo mtu mzima anapita-pita na kazi zake na kusikia. Kwa mtoto wa miaka saba au minane dakika kumi na tano hadi ishirini kila siku zatosha, nazo zashinda saa mbili za Jumamosi. Spika za masikioni ni msaada kwa majirani, lakini siku nyingine mwacheni apige wazi. Mkisikia noti inarukwa kila siku mahali pale pale, kabla ya kumwita mtoto, nendeni mkakibonyeze kile kibao ninyi wenyewe.

Mwaka jana mjukuu wetu wa miaka minane alipotaka piano, tulikwenda dukani watu watatu. Ilikuwa ya umeme, ya mtumba, ya vibao 88. Tulivibonyeza vyote, mwenye duka akitutazama kwa mshangao, na mama yake mtoto alisimama nyuma yetu akihesabu kwa sauti. Yeye ndiye yule binti wa mwaka 1996. Kwenye 71 alisema, "Hicho kinagonga, rudieni." Tulirudia, kiligonga, tukaiacha ile tukaomba nyingine.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kuanzia saa nne asubuhi, tutakuwa kanisani. Tutaweka pamoja kinanda kidogo cha vibao 61 na piano ya umeme ya vibao vya uzito, ili kila mzazi ajaribu tofauti kwa kidole chake kabla hajatoa fedha. Wazazi wasiojua kupiga ndio hasa tunaowangoja. Njooni na watoto, na atakayeweza aje na rula.